Mtembeza Wageni Asiyeona Akifumba Macho

Riziki yangu inatoka kwenye vitu ambavyo havipo tena. Mie ni mtembeza wageni katika Mji Mkongwe wa Unguja, na nusu ya ninayoyasema kila siku ni habari za vilivyoondoka: soko la watumwa la Mkunazini lililofungwa mwaka 1873, kasri ya mfalme iliyopigwa mizinga na manuwari za Waingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, vita vikaanza na kwisha kabla ya saa moja kutimia, na tangu tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit-al-Ajaib, jumba la kale la wafalme, pamoja na mnara wake wa saa. Nawasimamisha wageni pale Forodhani, nawanyooshea kidole, nawaambia: hebu lifikirieni jengo lilivyokuwa. Wengine hufumba macho. Nyuso zao hubadilika, nikajua wameshafika. Mie sijawahi kufika nao.

Nikifumba macho sioni kitu. Sioni jengo, sioni bahari iliyokuwa mbele yangu dakika ile ile, sioni uso wa mama yangu. Si kwamba picha inakuja na ukungu, au inakuja ikakimbia. Haiji kabisa. Kuna kiza, na ndani ya kiza hicho kuna kujua. Najua Beit-al-Ajaib lilikuwa na roshani pande zote, najua mfalme Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, najua milango yake mikubwa ilichongwa aya za Qur'ani, najua mizinga miwili mikongwe ya shaba ilikaa mbele yake. Yote hayo nayajua kama wewe unavyojua kwamba 7 mara 8 ni 56. Jibu lipo, wala hukuhitaji kuliona.

Nilivuka miaka 30 nikiamini kila mtu yuko hivyo.

Beit-al-Ajaib ndilo lililonifichulia. Siku zile baada ya kuanguka, kazi ilikuwa haba. Korona ilishawazuia watalii wengi, na sisi watembeza wageni tulikuwa tukishinda barazani tunakunywa kahawa. Watu wawili walikuwa wamekufa kwenye kifusi, kwa hiyo hapakuwa na mazungumzo mengine. Mzee mmoja akasema yeye akifumba macho analiona jengo vile vile, na saa yake. Mwengine akasema analiona mpaka rangi ilivyobabuka. Wa tatu akadai yeye halioni kutoka Forodhani, analiona kutoka baharini, kama mtu aliyesimama juu ya boti ya Dar es Salaam inapokaribia kufunga gati. Wakawa kama wanashindana. Nikauliza, wala si kwa ubishi:

“Mnaposema mnaliona, mnakusudia nini?”

“Tunakusudia nini vipi? Tunaliona.”

“Kama mnavyoniona mie hapa?”

“Si sawa na hivyo. Hafifu. Lakini lipo.”

“Lipo wapi?”

Mzee akaweka kikombe chini. “We bwana, hebu wacha masihara. Kwani wewe hulioni?”

“Wallahi sioni kitu.”

Mmoja akasema nikasomewe. Mwengine akaniuliza kama niliwahi kuanguka kutoka juu ya mkarafuu utotoni, maana mie ni mzaliwa wa Wete, na kwa watu wa Unguja kila Mpemba ameshaanguka mkarafuuni. (Sikuanguka. Aliyeanguka ni kaka yangu, na yeye picha anaziona vizuri tu.)

Jambo hili lina jina, nalo ni jipya: afantasia. Alilitunga daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, yeye na wenzake wawili, mwaka 2015. Lakini kisa kilianza nyuma kidogo. Mwaka 2010 Zeman na wenzake waliandika habari za mwanamme wa miaka 65 ambaye hutajwa kwa herufi mbili tu, MX. Bwana huyo alikuwa hodari wa kuona kwa akili. Kabla ya kulala alikuwa akijipumbaza kwa kuwaangalia jamaa zake na majengo aliyoyajua, macho yamefumbwa. Akatibiwa moyo, akazibuliwa mishipa, na baada ya hapo picha zote zikapotea. Walimpima wakakuta macho mazima na akili timamu. Walimuuliza kipi chenye kijani kilichoiva zaidi, nyasi au msonobari, naye alijibu sawasawa kwamba ni msonobari, ila alisisitiza kuwa hakuna alichokiona kichwani, alijua tu.

Habari zake zilipotoka katika jarida moja la sayansi la Marekani, watu wakaanza kumwandikia Zeman kwamba wao hawakupoteza kitu, wamezaliwa hivyo. Watu 21 kati yao ndio waliomo kwenye maandishi ya mwaka 2015 yaliyolipa jambo hili jina.

Na kumbe lilishaonekana zamani zaidi. Mwaka 1880, Barghash angali kwenye kiti chake na Beit-al-Ajaib halijajengwa, Mwingereza Francis Galton aliwapelekea watu maswali yaliyoandikwa. Aliwataka waikumbuke meza waliyokaa asubuhi kunywa chai: je, picha yake ina mwanga au imefifia? Rangi zinaonekana? Alianza na marafiki zake wanasayansi, na alistaajabu wengi walipomjibu kwamba hawajui anazungumzia nini. Walidhani watu wanaposema wanaona kwa akili wanapamba maneno tu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Wazee wale wa London na mie tungekaa baraza moja tukaelewana.

Lililonishangaza ni kwamba baada ya Galton jambo likalala zaidi ya miaka 100 bila hata kuwa na jina linalofahamika. Mie nadhani sababu ni wepesi wa kukubaliana. Mtu matangani akisema, “Marehemu bado namuona mbele yangu,” nami nikaitikia, “Hata mie,” hakuna aliyesema uongo. Yeye alisema la kwake, mie nikasema la kwangu, tukaagana kwa salama. Unaweza kuishi na mtu nyumba moja miaka 20 mkaitikiana hivyo.

Kipimo cha kuona kwa akili kinachotumika sana kilitungwa na David Marks mwaka 1973, maswali 16. Unaambiwa mfikirie jamaa au rafiki unayemuona mara kwa mara, anavyotembea, nguo anazovaa. Unaambiwa lifikirie jua linachomoza. Unaambiwa fikiria duka. Kisha sehemu ya shamba yenye miti, milima na ziwa, jambo ambalo kwa mtu wa Pemba lina ugumu wake wa peke yake. Kila mara unatoa alama, kutoka 1, yaani hakuna picha, mpaka 5, yaani wazi kama unaona kwa macho. Mie nilijaza 1 kuanzia juu mpaka chini. Watafiti wanakisia kuwa watu wasioona picha kabisa ni kiasi cha 1 kwa kila 100, na ukiwajumlisha wenye picha hafifu mno wanakaribia 4 kwa 100. Upande wa pili wapo wanaoona wazi mno, wachache vile vile. Kwa hesabu hiyo kila boti inayotoka bandari ya Malindi, hapa Unguja, kwenda Pemba imejaa inatubeba wawili watatu, wala hatujuani.

Rafiki zangu wa barazani hawakuridhika na maswali. Walisema mtu anaweza kujaza anachotaka. Ni hoja nzuri, na Joel Pearson na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliifanyia kazi. Mboni ya jicho hubana penye mwanga na hupanuka penye kiza; hilo mtu haliamui. Wakagundua kwamba mtu wa kawaida akifikiria tu umbo jeupe lenye kung'ara, bila taa yoyote, mboni yake hubana kidogo. Kwa wenye afantasia, kwenye mwanga wa kweli mboni zilibana kama za watu wote. Kwenye kufikiria hazikubana. Na walipotakiwa kufikiria vitu vingi kwa mpigo mboni zao zilipanuka, dalili kwamba akili inajitahidi kweli, haikukaa bure. Utafiti huo ulitoka mwaka 2022. Niliusoma barazani kwa sauti. Mzee wa kahawa akasema, “Basi kumbe mgonjwa wa kweli.”

Si mgonjwa. Zeman mwenyewe haiiti maradhi. Anaihesabu ni tofauti tu ya watu na watu. Na wala si kipaji cha siri kama wanavyojitapa baadhi ya watu mtandaoni, eti sisi ndio wenye akili safi zisizochafuliwa na picha. Maneno hayo yananichosha kama yale ya kusomewa.

Sasa nirudi nyuma, chuoni nilikosoma Qur'ani utotoni, maana huko ndiko ningeweza kugundua mapema na sikugundua.

Wengi wetu pale Wete tulihifadhi kwa msahafu wa mistari 15, ule wa kurasa 604 ambao kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Wanaohifadhi wanaupenda kwa sababu moja: ukurasa haubadiliki. Popote utakapoununua, aya iko pale pale. Maalim wetu alikuwa akimuona mtoto amekwama, anamwambia, “Fumba macho utizame ukurasa.” Na watoto walikuwa wakifumba. Nakumbuka mwenzangu mmoja alikuwa akisoma huku kidole chake kinatembea hewani, kutoka kulia kwenda kushoto, kinashuka mstari. Mie nilikuwa nikifumba kwa adabu. Nilidhani kufumba macho ni njia ya kutulia, kama tunavyoinamisha kichwa kwenye dua.

Mie nilihifadhi kwa sikio na ulimi. Aya inaivuta aya ya pili kwa sauti yake ya mwisho, na pumzi inajua pa kusimama kabla ya mie kujua. Kwa njia hiyo sura nzima ilikuwa ikinitoka bila kigugumizi, na maalim akafurahi, mpaka tufike penye aya zinazofanana. Yeyote aliyepita chuoni anazijua khatari zake. Kisa cha Nabii Musa kimekuja katika sura nyingi, maneno yanakaribiana, na ulimi ukishika njia isiyo yake unajikuta umehamia sura nyengine na uko katikati bila habari. Wenzangu walikuwa na ukurasa wa kuwarudisha. Mie nilikuwa na bakora.

Baadaye nilijitungia dawa. Niligundua kwamba ingawa ukurasa siuoni, najua mahali. Najua aya hii inakaa kushoto, karibu na juu, kabla tu ya kufungua ukurasa mpya. Ukiniuliza nimejuaje, sina jibu la kukuridhisha. Nahisi shingo yangu inageukia upande huo. Siwezi kukuonesha herufi moja ya mstari huo kichwani mwangu, lakini naweza kuweka kidole juu yake.

Hili ndilo linalowashinda watu kuliko yote: kwamba mahali pa kitu na sura ya kitu ni mambo mawili, na moja linaweza kukosekana jengine likabaki zima. Wilma Bainbridge wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2021, waliwaonesha watu picha za vyumba, wakaziondoa, kisha wakawaambia wachore wanachokumbuka. Wenye afantasia walichora vitu vichache na rangi kidogo, na baadhi yao waliandika maneno pahala pa kuchora. Lakini vile walivyochora walivipanga mahali pake kama wenzao, na walibuni vichache zaidi ambavyo havikuwamo.

Basi ndiyo maana sipotei. Mji Mkongwe unawapoteza watu waliozaliwa ndani yake; vichochoro vinapinda, ukuta mmoja unafanana na wa pili, na ramani ya kwenye simu inababaika baina ya nyumba ndefu. Nikiwa Kiponda najua bahari iko upande gani, najua Darajani ni hatua kiasi gani nyuma yangu, najua nikikata kushoto baada ya mskiti nitatokea Hurumzi. Mgeni akiniuliza kwa simu yuko wapi, namwambia asinieleze anachokiona, anieleze ametoka wapi na amegeuka mara ngapi. Huwa namfikia.

Nilipojua hali yangu nilidhani kazi itanishinda. Mtu wa kuwasimulia watu majengo yaliyokufa, naye hayaoni? Badala yake nilielewa kwa nini nasimulia ninavyosimulia. Wenzangu wana picha yao kichwani na wanaieleza wanavyoiona: jengo la fahari, mlango wa kupendeza, bahari ya buluu. Picha yao ni nzuri lakini mgeni haimfikii, kwa sababu kila anayesema “la fahari” ana fahari yake. Mie sina pa kuegemea ila yanayojulikana, basi natoa hayo: kina cha roshani, jua linaingia saa ngapi, upepo wa kusi ukivuma nani alikuwa akikaa upande gani. Mlangoni namwambia mgeni aguse, kisha namuonesha mnyororo uliochongwa pembeni, samaki chini, ua juu, na misumari ya shaba.

Pale Mkunazini, kwenye kanisa aliloanza kulijenga Askofu Edward Steere juu ya kiwanja cha soko la watumwa, nje kuna shimo lenye sanamu tano zilizofungwa mnyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Sweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Wageni wengi hulia hapo. Mie siwaambii wafikirie uchungu. Nawaambia wautazame mnyororo, wahesabu shingo, kisha nawauliza: wa kwanza akiteleza, wa tano anafanywa nini na chuma hiki? Nikishasema hivyo nanyamaza. Mgeni mmoja aliwahi kuniambia kwamba nimemchorea picha ambayo haitamtoka. Nilimshukuru, tukaenda zetu kunywa maji ya madafu.

Na siko peke yangu kwenye kazi za namna hii. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, amesema hadharani kwamba haoni picha kichwani. Glen Keane, mchoraji mashuhuri aliyekuwa Disney, yuko hivyo hivyo. Huanza kwa mistari, na sura inamjia kwenye karatasi. Blake Ross, mmoja wa walioanzisha Firefox, programu ya kufungulia mtandao, aliligundua jambo hili ukubwani na akaandika waraka mrefu mwaka 2016 uliosomwa na watu wengi mno.

Nyumbani mambo si ya kishujaa hivyo. Mke wangu aliwahi kunituma Darajani kutafuta kitambaa kinachokwenda na mtandio wake wa zambarau. Zambarau naijua. Zambarau ipi, hapo ndipo palipo na kesi. Siku hizi naupiga picha mtandio, naiweka simu juu ya meza ya muuzaji, namwachia yeye. Na Mungu aniepushe nisiwe shahidi wa mwizi, maana nikiulizwa alikuwa na sura gani nitawatajia alikokimbilia.

Nimefikiria sana kuhusu hofu. Mwaka 1995, nilipokuwa mtoto, Pemba iliingiwa na popobawa, na baadaye akavuka mpaka Unguja kwenye mwezi wa Ramadhani. Waliokuwepo wanajua, wasiokuwepo wamesikia, na mengine siyaandiki hapa. Watu walihama vyumbani wakalala nje kwa makundi, moto unawaka, wanaume wanakesha. Watoto wenzangu walikuwa wakitetemeka kwa kusimuliwa tu: mbawa zake, kivuli chake juu ya bati. Mie nilikuwa nikilala. Bibi alikuwa akinisifu kwa imani. Niliogopa pale niliposikia mtu mzima anapiga ukelele kweli. Simulizi zenyewe zilinipita. Kumbe lipo linaloeleza. Pearson na wenzake waliwaweka watu kwenye chumba cha kiza wakawasomesha visa vya kutisha kwenye skrini, sentensi baada ya sentensi, kama vile mtu yuko baharini na papa anamjia, huku vyombo vinapima jasho la ngozi. Watu wa kawaida jasho lilipanda. Wenye afantasia halikupanda. Walipooneshwa picha za kutisha kwa macho, wote walikuwa sawa. Hayo yalichapishwa mwaka 2021, na bibi yangu alishafariki akiamini mjukuu wake ni walii.

Lakini nisije nikadanganya kwamba kutokuona ni kinga ya kila kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba. Kwetu Wete hakuna mtaa usiokuwa na msiba wake. Mie na rafiki yangu tulikwenda Maisara, kwenye mahema walikolazwa maiti, kutafuta jamaa. Yeye mpaka leo anasema anawaona. Yuko dukani anapima mchele, mara mahema yale yako mbele yake. Mie siwaoni. Ila nikisikia harufu fulani ya dawa ya kusafishia, miguu inanilegea, na sijui nimshike nani, kwa sababu hakuna kitu mbele yangu cha kukimbia. Yeye anajua anachokiogopa kina sura gani.

Mama alifariki miaka michache baada ya hapo. Nilipata boti ya asubuhi, nikawahi kumswalia.

Dada yangu husema kila akiingia jikoni anamuona mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kanga ya pili begani, uso ameugeuza mlangoni kuangalia nani anaingia. Akishasema hivyo analia, na nyumba nzima inalia. Mie hukaa kimya. Msibani nilisikia jamaa wakisema huyu moyo wake mgumu, mji umemchukua. Sikuwa na la kuwajibu kwa sababu sikujua bado kwamba wao wanaona. Nilidhani wote tunakumbuka kwa namna moja, ila wao wana machozi ya karibu. Watafiti wa Australia wamekuta kwamba wengi wenye afantasia hukumbuka matukio ya maisha yao kwa undani mdogo zaidi kuliko wengine. Naamini. Ninayoyakumbuka kwa mama ni kama orodha: alipima karafuu kwa pishi bila kukosea, hakupenda mlango ubamizwe, vidole vyake vilikuwa vyeusi msimu mzima wa kuchambua, alikuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia.

Sauti yake ninayo. Wengine hata sauti hawasikii kichwani. Mie nimebakishiwa hiyo, na naweza kumsikia akiniita kutoka uani, na ule mvuto wake kwenye silabi ya mwisho ya jina langu. Na ndotoni namuona. Hilo nalo linajulikana, wenye afantasia wengi huota kwa picha kama watu wengine; inaonekana njia ya picha za usingizini si ile ya kuziita kwa kutaka. Basi namuona, kamili, ana sura. Nikiamka najua kwamba nimemuona. Sura yenyewe imeshaondoka.

Tulipogawana vitu vyake, dada zangu walichukua kanga na bangili. Kaka akachukua redio. Mie nikaomba kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi. Walinishangaa; kadi ya marehemu ina faida gani? Ile picha ni ndogo, na mama hakupenda kupigwa picha, amekaza midomo kama mtu anayebishana na mpiga picha. Dada anasema haifanani naye hata kidogo. Kwangu mie ndiyo sura yake. Siku naisahau nyumbani, kuanzia Malindi mpaka narudi, sina mama mwenye uso.

Hali hii hurithiwa kidogo. Uchunguzi wa Zeman umeonesha kwamba jamaa wa karibu wa mwenye afantasia wana uwezekano zaidi wa kuwa nayo. Kwa hiyo niliwapima watoto, kwa mzaha, siku moja baada ya futari. Niliwaambia wafumbe macho wafikirie embe. Mkubwa, wa kike, alisema lake ni boribo, upande mmoja limeiva, na kuna sisimizi anatembea kwenye kikonyo. Sikumtajia sisimizi mie. Mdogo wake alikaa kidogo, macho yamefumbwa, kisha akauliza, “Haya, nimeshafumba. Sasa?”

Yeye ndiye aliye chuoni sasa. Nilikwenda kumuona maalim wake baada ya alasiri, nikamueleza kwamba asimlazimishe mtoto kuutizama ukurasa kwa macho ya ndani, na kwamba si ukaidi. Maalim ni kijana, msikivu. Aliuliza swali moja tu, tena la mtu anayeijua kazi yake: “Sasa aya zinazofanana atazitenganisha kwa lipi?” Nikamwambia kwa mahali, na kwa ile inayoitangulia. Akakubali kwamba mtoto asikilizishwe kwanza, mara nyingi, kabla ya kufunguliwa msahafu.

Yuko Juzuu Amma. Kinachomsumbua ni ile aya ya kwamba watu wema watakuwa katika neema, ambayo imo katika Surat al-Infitar, na imo vile vile, neno kwa neno, katika Surat al-Mutaffifin inayofuata. Akifika hapo ulimi unavuka. Juzi usiku alikwama tena, na dada yake, aliyekuwa akipiga pasi, akamsaidia bila kugeuka: “Iko juu, tizama vizuri.”

“Usinambie iko wapi kwenye karatasi,” akamjibu. “Nambie ya kabla yake inasemaje.”

Akamsomea. Akaendelea mwenyewe mpaka mwisho wa sura.